Mwezi wa Kalenda na Mwezi wa Matemwe

Kheir Mmanga alikuwa karani wa bandari pale Malindi, mjini Unguja, kwa miaka thelathini na miwili. Alipostaafu alinunua kamera iliyokwisha kutumika huko Darajani, akajifundisha mwenyewe kupiga picha za mandhari: mikoko, mawe, mawingu, mashamba. Hakuna aliyemtuma. Alisema mtu akiacha kujifunza huanza kuoza akiwa hai.

Basi mkewe, Bi Salhiya, alipomwambia kuwa kabla hajavuka kwenda Dar es Salaam kupasuliwa goti anataka apigiwe picha moja tu, Kheir alilipokea jambo hilo kwa mikono miwili.

Picha yenyewe ilikuwa hii. Salhiya kazaliwa Matemwe. Mama yake alikuwa akenda kuchokoa pweza kila bamvua, pale maji yanapopwa sana mpaka fungu la mchanga lililo mbali karibu na mwamba likatoka nje. Akifika juu ya fungu, kabla hajaanza kazi, mama husimama, akageuka, akaitazama pwani kimya kwa muda mrefu. Salhiya, kifungua mimba wake, husimama pembeni na kikapu, asijue mama anatazama nini. Mama alifariki bila ya kuacha hata picha moja. Na sasa daktari kesha sema: goti likishapasuliwa, kutembea juu ya mawe ya pwani ndiyo basi.

"Nataka nisimame pale mara moja tu," Salhiya alisema. "Niione pwani kama alivyokuwa akiiona mama. Na wewe uipige."

Boti ilikuwa Jumamosi.

Mkwe wao Anwar, mume wa binti yao Ulfat, alikuwa na Hiace ya kuchukulia watalii. Akawapa kwa siku nne. Kheir akatoa viti vya nyuma, akatia godoro, jiko la gesi na madumu mawili ya maji, na Salhiya akashona mapazia ya madirisha. Majirani walitoka nje kuangalia.

"Bi Salhiya, mnahama?"

"Tunakwenda fungate," alijibu. "Ile ya kwanza tulilala ukuta mmoja na mama mkwe."

Kheir alikwisha panga kila kitu. Kalenda yake ilikuwa na tarehe za Kizungu upande mmoja na za Kiislamu upande wa pili. Aliweka kidole. "Jumatano ni mwezi kumi na sita. Bamvua limekomaa. Asubuhi fungu linatoka, tunapiga picha, jioni tunarudi. Alhamisi Anwar anapokea wageni wake."

"Mwezi umeandama lini?" Salhiya aliuliza.

"Si hivi hapa, imeandikwa."

"Nimekuuliza umeandama lini, sikukuuliza umeandikwa lini."

Kheir akacheka. Ugomvi wa mwezi ni wa kila nyumba Unguja. Wapo wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani, na wapo wanaongoja mpaka uonekane hapa hapa. Nyumbani kwao wenyewe iliwahi kutokea mume akala sikukuu na mke bado kafunga, naye Salhiya akampikia biriani huku kajitanda mtandio mpaka puani, asisikie harufu. Kwa Kheir jambo hilo lilikuwa la ibada na la mzaha. Hakulifikiria kuwa ni jambo la maji.

Wakaondoka. Ilikuwa kiangazi, kaskazi inavuma, mbingu imesafika. Walilala Kizimkazi, wakalala Makunduchi, wakalala Chwaka. Asubuhi Kheir hushuka kabla jua halijapanda, akachomeka miguu mitatu ya kamera mchangani, na Salhiya humshikia mwavuli ili jua lisiingie kwenye kioo. Makunduchi ng'ombe mmoja aliwaganda, akatokea katika kila picha.

"Huyo kakupenda," alisema Salhiya. "Muulize kama yuko tayari kuwa mke wa pili."

"Atashika mwavuli?"

"Hata mimi mkono ushaniuma. Siku tatu unapiga mikoko na ng'ombe."

Usiku walilala mlango wa nyuma wazi, chandarua kimeteremshwa, wakisikia mawimbi. Kheir alijishangaa. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na hakuwahi kujua kuwa mkewe huzungumza sana kabla ya usingizi kumchukua. Nyumbani Kheir ndiye aliyekuwa akilala mwanzo. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumchelewesha kulala.

Jumatano asubuhi wakafika Matemwe. Wanawake walikuwa wameinama kwenye mashamba ya mwani. Mmoja wao, Bi Radhiya, binti wa mjomba wake Salhiya, alikuja mbio, wakakumbatiana, wakalia kidogo, wakacheka sana. Kisha Salhiya akauliza habari ya fungu.

"Fungu? Leo?" Radhiya akawatazama mmoja mmoja. "Leo halitoki. Leo mwezi kumi na tano. Fungu hilo hutoka kumi na sita, maji ya saa tano."

"Leo kumi na sita," alisema Kheir.

"Mwezi wa wapi huo, shemeji?"

"Wa kalenda."

Radhiya akapiga makofi kwa kicheko. "Basi isubirini kalenda ipwe!"

Wakaingia hata hivyo. Walitembea mpaka maji yakawafika kiunoni, na mbele yao fungu lilionekana chini ya maji, jeupe kama sahani iliyozama. Saa tano ikapita, maji yakaanza kurudi. Salhiya angemtania, angemkumbusha, angesema "nilikwambia", Kheir angepata pa kujibu. Lakini aligeuka tu, akarudi ufukweni, akawa anapangusa mchanga kwenye goti lake ambalo halikuwa na mchanga.

Kheir akaenda nyuma ya gari na simu yake. Angeweza kusema gari limeharibika. Tairi hupasuka, betri hufa, na nani angeuliza? Lakini alikuwa hajawahi kumdanganya mtu aliyempa amana, na akaona uzee si wakati wa kuanza.

"Anwar, mwanangu, nimekosea."

"Shikamoo, baba. Umegonga?"

"Marahaba. Sikugonga. Nimekosea mwezi. Mama yako kaniambia, sikumsikiliza. Fungu linatoka kesho."

"Baba, wageni wanashuka botini saa nne kamili. Wameshalipia, na gari jingine sina."

"Najua. Sikuombi gari. Nakuomba mtu wa kunirejesha huku."

Kisha akaenda kwa mkewe, akakaa naye mchangani. "Mama Ulfat, mwezi wako ndio uliokuwa sahihi."

Salhiya akamtazama kama mtu aliyesikia kuku akiadhini. "Sema tena."

"Mara moja inatosha. Leo utalala kwa Radhiya. Kesho nikifika, nimefika. Nikichelewa usinisubiri, nenda na Radhiya. Usimame wewe, hata picha ikikosekana."

Alhamisi baada ya sala ya Alfajiri aliondoka. Saa moja na nusu yuko Malindi. Akateremsha godoro, akafagia mchanga, akarudisha viti yeye na Anwar, akaosha vioo. Saa tatu na robo alipanda nyuma ya pikipiki ya Gharib, kaka yake Anwar, mtu mnene mwenye kupenda mwendo. Kamera kaiweka ndani ya kanzu, kifuani, na njia nzima, tangu Malindi mpaka Matemwe, alisoma kila dua aliyoijua na nyengine alizitunga.

Fungu lilikuwa nje. Watu wawili walikwisha fika karibu nalo, mmoja akichechemea. Kheir akavua viatu, akakunja kanzu, akawafuata juu ya mawe na vidimbwi vya maji vilivyobaki, akiteleza, akisimama, akienda.

Alipofika Salhiya alikuwa juu ya mchanga, kaipa bahari mgongo. Radhiya alikwisha anza kuchokoa pweza. Kheir alitazama alikokuwa akitazama mkewe, na hofu ikamwingia. Mji wa zamani hauonekani. Ni mapaa ya hoteli, moja baada ya jingine.

"Nyumba yenu haipo," alisema taratibu.

"Sitazami nyumba." Salhiya akanyoosha kidole. "Tazama mchangani. Unawaona wale watoto? Toka huku mpaka kule, ufuo wote, hakuna mtoto unayeweza kumkosa. Ukiwa kule pwani huwezi kuona hivi, mawe yanaficha. Mama alikuwa akiwaacha wadogo zangu sita pale ufuoni, Baba Ulfat. Alikuwa anawatazama wao."

Akateremsha kidole. "Miaka yote hii nilidhani anapumzika."

Kheir akapiga. Akapiga mara ya pili. Kisha akamwonesha kwenye kioo, na Salhiya akaishika kamera kwa mikono yote miwili, akatazama vidoa vile vya rangi juu ya mchanga mweupe, muda mrefu.

"Ahsante," alisema. "Umekuja na nini?"

"Pikipiki ya Gharib."

"Wewe? Na kanzu?" Akacheka mpaka akamshika bega asianguke. "Wallahi picha hiyo ndiyo niliyoikosa."

"Maji yanarudi!" Radhiya alipiga kelele. "Nyinyi wachumba, maji yanarudi!"

Wakaanza kurejea, mkono wa Salhiya begani kwa mumewe, goti likiuma kila hatua. Gari hawakuwa nalo tena. Kheir hakuona haja ya kuharakisha.