Ukingo wa Vidole Vitatu

Kazi ya Chaki siku hizi ilikuwa ya mguu. Mtu aliyepanga mabati kwa miaka ishirini na miwili, magoti yakaota sugu kwa kupiga magoti sakafuni, leo alikuwa amekalishwa kwenye kigoda kando ya mashine, mguu wa kulia juu ya pedali, akisubiri kuambiwa kanyaga. Akiambiwa, anakanyaga. Kisu kinashuka, bati linakatika, sakafu inatetemeka hadi kwenye meno. Halafu anasubiri tena.

Mashine yenyewe waliiita Fisi, kwa sababu haichagui. Ilikuwa kuukuu, ndefu kuliko kitanda cha watu wawili. Kabla kisu hakijashuka, vibanio kumi vya chuma hutangulia kulikandamiza bati lisitoroke. Lakini kibanio nacho kinahitaji mahali pa kuuma. Ndiyo maana enzi zake Chaki, kila alipopanga violezo vyake vya kadibodi juu ya bati na kuvizungushia chaki, aliacha ukingo mtupu wa vidole vitatu. Hapo hapangi kitu, hata umbembeleze vipi. Ukingo ukishakatwa unatupwa kwenye chuma chakavu, na wenzake walikuwa wakimtania kwamba analisha Fisi kwa mali ya tajiri.

Meneja naye akaja na programu. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashine za kisasa, zile zinazokata bati kwa moto mwembamba kutoka juu, bati limelala mezani na hakuna anayeligusa. Mashine hiyo meneja hakuinunua. Alichukua programu peke yake, kama mtu aliyenunua tandiko akatangaza kwamba ana punda.

Na tuseme haki, programu ilikuwa inajua. Unaipa vipimo vya milango na mbavu za makabati, inavigeuza, inavilaza ubavu kwa ubavu, hiki inakichomeka kwenye kwapa la kile, mpaka bati zima linajaa. Chaki alipoona mara ya kwanza kazi ya asubuhi nzima ikiisha kabla chai haijapoa, mwili ulimsisimka. Kisha akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, pale pembeni.

"Na ukingo, bosi? Fisi anataka vidole vitatu."

"Kompyuta haina vidole, Chaki," meneja alisema.

Ofisi nzima ikacheka. Chaki naye akacheka. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye, kwamba alicheka.

Basi bati likaja bila ukingo. Kipande cha mwisho kilipofika kwenye kisu, vibanio vilishuka vikauma hewa, bati likaruka na kumpasua mtu kidevu. Dawa ya meneja ilikuwa rahisi: wang'oe wavu wa kinga, mkata bati aingize mikono, alishike mwenyewe. Mkata bati alikuwa shemeji yake Chaki, mume wa mdogo wake wa kike, mtu mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza utani. Sasa alilazimika kulala juu ya Fisi kifudifudi, viganja viwili vimekandamiza bati, hata mguu wa kukanyagia hana. Wakaunganisha pedali kwa fimbo ya chuma, wakaweka kigoda, wakamwita Chaki. Kwani Chaki ana kazi gani tena?

Kwa wiki sita shemeji mmoja alishika na mwingine akakanyaga. Nyapara alisimama katikati yao na saa ya simu.

Jumatano ile, saa nne asubuhi, mabati yalikuja na mafuta ya ghalani bado yanang'aa.

"Shemeji, leo linateleza," alisema mkata bati.

"Usiharakishe. Sikanyagi mpaka uwe tayari."

"Mnasubiri nini, posa?" nyapara akadakia. "Programu imetupa vipande mia na arobaini, mpaka sasa vimetoka thelathini. Kanyaga!"

Bati lilikuwa limekwenda upande. Shemeji alinyoosha mkono wa kulia kulirudisha. Chaki aliuona mkono. Aliuona kabisa, na pete ya ndoa, na kucha iliyokuwa nyeusi tangu wiki iliyopita. Lakini kwa wiki sita neno lile lilikuwa likipita kwa nyapara na kwenda moja kwa moja kwenye mguu, halipiti kichwani. Jicho liliona, mguu ukatangulia.

Hakukuwa na sauti tofauti. Hilo lilimshangaza. Fisi alikata kama anavyokata siku zote.

Shemeji aliinuka taratibu, akautazama mkono wake kama mtu anayetazama saa. Vidole vinne havipo. Kidole gumba kilikuwa kimesimama peke yake, kinatikisika. Kisha damu ikaja, si kwa kutiririka bali kwa kuruka, ikampiga Chaki usoni, mdomoni, ya moto. Mpokeaji wa vipande nyuma ya mashine alipiga yowe, kwa sababu vidole vilimwangukia yeye, mapajani. Nyapara akaruka. Akalivuta bati.

"Toa hilo bati! Linachafuka!"

Chaki alivua shati akalifunga kwenye mkono ule, akakaza kwa mkanda wake mpaka mfupa ukalia. Shemeji akatapika, akaanguka kwa magoti, akasema kitu kimoja tu: "Shemeji, si kosa lako." Heri angemtukana. Wakavitia vidole kwenye mfuko wa mkate, wakambeba kwenye gari la mizigo, juu ya makabati.

Hospitalini damu waliizuia, upasuaji wakaukataa. Ajali ya kazini, alisema karani, lazima barua ya mwajiri. Mdogo wake Chaki alikuwa ameshafika, amekaa sakafuni, kichwa cha mumewe mapajani, mfuko wa mkate kifuani. Hakuuliza nani alikanyaga. "Kimbia, kaka," alisema. "Vidole havikai."

Chaki alikimbia hivyohivyo, tumbo wazi, damu ya shemeji imemkaukia kifuani. Karakana ilikuwa inanguruma. Fisi alikuwa kazini. Mchanga ulikuwa umemwagwa mahali palipokuwa na damu, mtu mwingine amelala juu ya mashine, mwingine amekaa kwenye kigoda. Vipimo vya kipande kilichoharibika vilikuwa vimeingizwa upya kwenye kompyuta, na programu ilikuwa imekitafutia nafasi kwenye bati lililofuata, ikavibana kidogo vingine.

Ofisini, barua ilikuwa mezani, tayari ina muhuri. Meneja alikuwa ameweka kiganja juu yake.

"Pole sana, Chaki. Barua hii hapa. Tuandikishane kwanza ukweli."

"Ukweli upi, bosi? Mtu anakufa."

"Kwamba alikuja amelewa."

"Shemeji yangu hajui hata harufu ya pombe."

"Sawa. Basi wewe ulikanyaga bila kuamriwa. Mguu ni wako au ni wangu?"

Nyapara alikuwa mlangoni, anatazama dari.

"Huyu hapa alisema kanyaga," Chaki alisema. "Wavu mlitoa nyinyi. Ukingo mlifuta nyinyi. Nilikwambia hapa hapa, mkacheka."

"Sikiliza, mzee wangu." Meneja aliongea kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Tangu programu iingie tunatumia bati kwa asilimia tisini na sita. Wenye mali wamefurahi. Programu haijakosea. Mashine haijakosea. Sasa niambie, amebaki nani?"

Chaki aliishika barua. Meneja akaivuta. Ikachanika katikati, na meneja akacheka kidogo, akasema, "Haya, umeona?"

Nyundo ya kunyooshea bati ilikuwa dirishani. Chaki hakukumbuka kuichukua. Alikumbuka pigo la kwanza, kwenye kioo cha kompyuta, na vile vipande vyote vilivyolala ubavu kwa ubavu vikizimika. Pigo la pili lilimpata meneja begani, pakalia kama kuni kavu. La tatu hakulipiga. Walinzi wawili waliingia na marungu na hawakuulizana kitu. Walimpiga mgongoni, magotini, kwenye masikio, na alipokwisha lala wakaendelea, kwa sababu meneja alikuwa bado anapiga kelele. Meno mawili yalitoka. Nyapara aliinama karibu na uso wake.

"Umevunja kioo tu, mjinga wewe," alisema, na akaligonga kwa kiatu sanduku lililokuwa chini ya meza. "Programu imo humu."

Kituoni waliandika makosa matatu: kudhuru mwili wa mkata bati, kudhuru mwili wa meneja, kuharibu mali.

Ijumaa mdogo wake alikuja na chakula. Askari alikichokonoa kwa kijiko, akakipitisha kwenye nondo. Chaki alikuwa na jicho moja tu lililofunguka.

"Wamemtibu?"

"Wamemshona. Vidole vilikuwa vimeshaharibika."

"Barua ilitoka?"

"Jana. Meneja alikuja mwenyewe wodini, mkono wake umefungwa shingoni. Alikuwa na karatasi nyingine, ya kutia sahihi kwanza. Imesema ni wewe, kaka. Ulikanyaga kwa ugomvi wenu wa nyumbani. Baba watoto alikataa, akageukia ukutani. Mkono ulikuwa umeanza kunuka. Nikamshika ule wa kushoto, nikambandika kidole gumba kwenye karatasi mwenyewe."

Chaki alitafuna kwa upande wenye meno. Chakula kilikuwa kitamu, na hilo lilimtia uchungu.

"Ulifanya vizuri."

"Usiniambie hivyo. Nitukane."

"Sina tusi la kukupa."

Askari alipiga miayo.

"Kuna jingine," mdogo wake alisema. "Amenipa kazi. Anasema hawezi kuiacha nyumba ilale njaa, yeye si mnyama. Naanza Jumatatu. Ya kukaa tu kwenye kigoda, anasema, hata mwanamke anaiweza."

Chaki aliacha kutafuna.

"Nina watoto wanne, kaka. Usinitazame hivyo. Nifundishe."

Alivua ndala, akauweka mguu wa kulia kwenye saruji, mbele ya nondo, akasubiri kuonyeshwa.