Sauti Iliyotoka Mchezoni

"Nyie watoto, mtaniua!"

Sauti ya mama ilisikika nyuma yetu, ikicheka, ilhali mama mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu kwenye benchi la kliniki ya macho, kimya, mkoba ameukumbatia mapajani. Dawa waliyomdondoshea ilikuwa imemtanua mboni, haoni zaidi ya ukungu. Masikio yake, lakini, yalikuwa mazima. Alinigusa goti.

"Mama," aliniita, kama wazazi wanavyowaita binti zao, "huyo si mimi?"

Nikageuka. Mwanamke mmoja, mgeni kabisa kwetu, alikuwa ameinamia simu, kidole kikienda mbio. Vifungo vya nguo vilikuwa vikidondoka kwenye kioo, vyekundu, vya bluu, vyenye matundu mawili, vyenye matundu manne, naye akivipanga. Kwa muda wa kufumba na kufumbua nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Miaka mitatu nilikuwa naishi kwa kutengeneza michezo ya simu, na sijawahi kumkuta mtu akicheza wa kwangu mbele ya macho yangu. Nilikwishafungua mdomo nimwambie, dada, huo mchezo ni wangu.

Ndipo nikaiona rangi. Mchezo wangu ulikuwa na meza ya mbao na kitambaa cha kahawia. Huu ulikuwa wa zambarau, nyota zikilipuka kila pembe, na jina lililoandikwa juu sikulijua.

"Umeupata wapi huu?" nilimuuliza.

"Huu? Mbona wote tunacheza! Huyu bibi ananivunja mbavu." Akatugeuzia kioo tuone. "Kuna mwingine kama huu, umepooza kweli. Wamewaiga hawa, lakini hawajaweza."

Mama alikuwa amegeuza uso kuelekea ile sauti, kama mtu aliyesikia akiitwa na asijue aitikie au la. Nesi akamwita ndani. Nilimshika mkono nikamwingiza.

Kuishi kwa michezo midogo ya simu si mchezo. Watu hudhani ukitengeneza vitu vya kufurahisha nawe unafurahi kutwa. Asubuhi nilikuwa nasoma maoni ya watu nisiowajua wakinitukana. Mchana narekebisha walichonitukania. Jioni natoa sasisho. Kesho yake natukanwa kwa sababu ya sasisho. Mezani nilikuwa na simu nne za zamani, moja kioo chake kimepasuka kama utando wa buibui, kwa sababu mchezo usiokubali kufunguka kwenye simu dhaifu ni mchezo wa matajiri, na matajiri hawana foleni za kusubiri. Mjomba wangu, kila alipopita, alisimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani: "Bado unacheza?" Nilikuwa nimeacha kazi ya kurekebisha mashine za hesabu za madukani, kazi yenye meza na kitambulisho, ili nikae chumbani nihesabu vifungo. Mjomba alisema nimejihukumu kifungo mwenyewe, tena bila kosa. Aliurudia mzaha huo mpaka ukachakaa.

Mchezo uliotuokoa ulitoka kwenye meza ya mama. Mama alikuwa fundi wa kushona kwa miaka thelathini na mbili. Ametulea chini ya cherehani, mimi na kaka yangu, na kazi yetu ya kwanza duniani ilikuwa kuchambua vifungo kutoka kopo moja kuvitia makopo sita. Ukikosea, alikuwa hakupigi wala hakufokei. Alikuwa anasema neno moja tu, lilelile alilojiambia mwenyewe mshono ulipokwenda kombo: "Fumua." Nawe unamwaga, unaanza upya.

Kaka alichora. Yeye ana mkono ambao mimi sikujaliwa. Akichora kifungo unataka kukiokota. Mimi niliandika programu. Na siku moja, baada ya chakula cha mchana, tulimkalisha mama mbele ya maikrofoni tukamwambia aseme maneno yake. "Fumua." "Hapo sawa." "Macho mbele, mwanangu." Katikati, kaka alipiga kopo kwa kiwiko, vifungo vikatapakaa chumba kizima, na mama akacheka mpaka akajifuta machozi: "Nyie watoto, mtaniua!"

Maneno hayo sikuyatia mchezoni. Kishindo cha kopo kilikuwa kimeingia ndani ya kicheko, na wakati ule sikujua namna ya kuvitenganisha. Niliyahifadhi kwenye jalada la vitu visivyotumika. Jalada hilo lilikuwa kwenye kompyuta yangu, na kwenye kompyuta ya kaka.

Basi pale kwenye benchi la kliniki sikuhitaji mpelelezi. Miezi saba kabla, kaka alikuwa ameniaga kwamba amepata kazi ya kuchora matangazo kwenye kampuni fulani. Nilimpongeza. Hata sikumuuliza ni matangazo ya nini.

Nilimrudisha mama nyumbani, nikamwekea maji mezani, nikatoka bila kula.

Ofisi ya kampuni yake, ambayo anwani yake niliikuta kwenye ukurasa wa mchezo, ilikuwa ghorofa ya tano, milango ya kioo, na ukutani picha kubwa ya kile kifungo chekundu chenye matundu manne, ambacho kaka alikichora akiwa ameegemea jokofu letu. Dada wa mapokezi aliniuliza kama nina miadi. Nikamwambia mwite kaka yangu, mwambie mdogo wake amekuja na asiponitokea nitaingia mwenyewe. Kaka alitoka. Alikuwa amevaa shati jipya. Alinishika kiwiko akanitoa hadi kwenye ngazi, mlango ukajifunga nyuma yetu.

"Hata salamu hakuna?" alisema.

"Umewapa sauti ya mama."

"Nimewapa faili zangu."

"Zako?"

"Vifungo vyote ulivyonavyo nimevichora mimi. Mia mbili na kumi na sita. Jina langu umeliandika wapi? Nionyeshe. Mwandishi wa gazeti alipokuhoji ulisema, 'Nimeutengeneza peke yangu, chumbani kwangu.' Peke yangu! Niliisoma mara mbili najitafuta."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ukasema tutaongea sasisho likitoka. Yametoka masasisho mangapi?"

Alikuwa anasema kweli, na ukweli wenyewe ndio ulionipandisha hasira. Mtu akikudhulumu huku umemdhulumu, unamchukia mara mbili, maana huna hata mahali pasafi pa kusimama umtukane.

"Kwa hiyo ukamuuza mama," nilisema.

"Chunga mdomo wako." Alinisogelea mpaka nikaisikia pumzi yake. "Nani alitangulia kumuuza? Siku ile ulimwambiaje? Nilikuwepo. 'Sema tu, mama, tunajaribu maikrofoni.' Mpaka leo hajui yuko kwenye simu za watu wangapi. Mimi nimeiba kwako. Wewe uliiba kwake."

Nilimsukuma. Si kwa nguvu, lakini nilimsukuma, kifuani, kwa viganja vyote viwili, na mgongo wake ukagonga mlango wa kioo. Yule dada wa mapokezi aliinua kichwa.

"Wewe si kaka yangu tena," nilimwambia.

Alinyoosha shati lake. "Sawa," alisema. "Shuka polepole, ngazi zimepigwa deki."

Niliandika malalamiko kwa duka la mtandaoni ambako watu hupakua michezo. Niliyaandika kama mtu anayenoa kisu. Nilitaja rangi, mpangilio, mwendo wa vifungo, nikaweka tarehe na picha. Na jina la kaka, ambalo sikuliandika popote mchezoni, nililiandika mara nne kwenye malalamiko, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Walijibu baada ya siku tisa. Vifungo vinavyodondoka havina mwenyewe, walisema, kila mtu anaweza kuvidondosha. Picha ilibidi tuthibitishe nani alizichora, na mchoraji alikuwa upande wa pili. Lakini sauti ya mtu ni mali ya mtu. Mwenye sauti akitia saini fomu hii, mchezo unaoitumia bila idhini yake utaondolewa.

Nilimpelekea mama fomu mwenyewe, nimeichapisha, na kalamu juu yake. Macho yake yalikuwa yamepona. Alivaa miwani mipya akaisoma polepole, mstari kwa mstari, kidole kikifuata.

"Hapa wanasema mwenye sauti," alisema. "Mwenye sauti ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Basi nashukuru kujulishwa."

Hakutia saini. Alichukua simu akampigia kaka: "Baba, njoo. Sasa hivi. Hata kama uko kazini." Kaka alikuja na shati lake jipya, akakaa upande wa pili wa meza, nami upande wangu, cherehani katikati limefunikwa kitambaa. Mama alituacha tuseme. Tulisema. Yaliyotoka pale siwezi kuyaandika yote. Tulifukua hadi ya utotoni, nani alinunuliwa viatu na nani alivaa vya kurithi. Kaka aliniita mwizi mwenye adabu. Mimi nilimwita kitu ambacho hakifai kusemwa mbele ya mzazi, na mzazi alikuwa hapo anasikiliza. Sauti zilipotukauka, mama aliuliza:

"Mmemaliza?"

Alivuta kiti akaketi mbele ya cherehani.

"Siku ile kliniki nilidhani nimerukwa na akili. Najisikia nacheka, na mimi sijacheka. Nikasema, labda ndiyo uzee wenyewe umeingia." Alivua miwani. "Mlikuja mchana, mkala, mkaniambia mnajaribu chombo. Nikacheka na wanangu. Kumbe nilikuwa nachekea watu."

"Mama, nilikusudia kukuambia," nilisema.

"Sasisho likitoka," kaka akadakia.

"Wewe nyamaza, baba. Wewe ulichukua kilichoachwa kando ukakipeleka sokoni." Akaniangalia mimi. "Nitatia saini. Watanitoa kwao. Lakini na wewe utanitoa kwako."

Nilihisi kama aliyemwagiwa maji. "Mama, mchezo wenyewe ni sauti yako. Watu wanaupenda kwa ajili yako. Nikikutoa hakibaki kitu."

"Basi haukuwa wako," alisema, akatia saini.

Nilimtoa siku ya Jumanne, asubuhi, dirisha wazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika ishirini. Faili kumi na nne, nikazifuta moja moja, na kila nilipofuta, kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Nilijaribu mchezo kwenye zile simu nne. Vifungo vilidondoka, vikapangika, ukikosea vikamwagika, kimya. Nikatoa sasisho. Kabla ya saa sita mchana maoni yalianza. "Bibi yuko wapi?" "Mmemuua bibi?" "Mmeharibu, nafuta." Nilizoea kutukanwa kwa makosa, hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kutukanwa kwa kufanya lililo haki, na nakuhakikishia inauma vilevile.

Wale wa ghorofa ya tano mchezo wao uliondolewa kwa wiki moja tu. Walimtafuta mwigizaji, mwanamke mwenye sauti nzuri ya kizee, wakamlipa, akacheka vizuri kuliko mama, nao wakarudi wakastawi. Upo mpaka leo. Meneja wao alitafuta wa kumtwisha lawama, akafungua malalamiko yangu, akalikuta jina la kaka limeandikwa mara nne. Walimwachisha kazi siku hiyohiyo. Kaka aliamini nilikusudia. Sijawahi kumkanushia, kwa sababu nilikusudia.

Ule wa vifungo ulinifia mikononi taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta. Nimetengeneza mingine tangu hapo. Mmoja wa kupanga masanduku, mmoja wa njia za sisimizi. Nakula kwa hiyo, nalipa chumba. Hakuna hata mmoja uliopendwa kama ule wa kwanza, na sauti ninazotumia nanunua kwa watu wanaouza sauti, wametia saini, wanajua wanachekea nani.

Mimi na kaka hatukusemezana. Tukikutana kwa mama, mmoja alikuwa anakumbuka shughuli. Mama hakutusuluhisha, na wala hakujaribu. Alitupikia wote, kwa siku tofauti.

Mwaka jana magoti yake yalikataa ngazi, ikabidi ahamie chumba cha chini. Alitupigia simu wote wawili, akamwambia kila mmoja saa ileile, kwa makusudi, bila shaka. Tulikuta vyombo vimefungwa, vimebaki vitu vizito. Tulianza na kabati la nguo, la mbao ngumu, mimi mbele nikishuka kinyumenyume, kaka juu akilishusha. Kwenye kona ya ngazi likakwama. Nilivuta, halikwenda. Kaka alisukuma, halikwenda. Tulisimama tumelishikilia, jasho likinitiririka machoni na mikono yote miwili haina nafasi ya kufuta. Mama alikuwa amesimama chini, anatutazama.

"Inua upande wako," kaka alisema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miezi ishirini na tatu, na hayakuwa na upole wowote ndani yake.

Nikainua. Kabati likapita.