Saa Iliyotegwa Adama

Endale aliuona ule mstari mkono wake ukiwa bado begani kwa Fikirte, akimpongeza. Ulikuwa chini kabisa ya skrini, wala haukujificha: ruta ya Adama itajizima na kujiwasha upya baada ya dakika hamsini.

Fikirte alikuwa anacheka na simu. Upande wa pili, msimamizi wa ghala la Adama alishangilia kwamba uzito wa kahawa sasa unatoka kwenye mizani moja kwa moja hadi kwa wahasibu. Mtandao wa ghala lile uligawanywa mafungu mawili, la mizani na la uhasibu. Yote mawili yalikaa kwenye swichi moja ya mtandao, lakini hayakuonana, kama wapangaji waliokosana. Fikirte, akiwa hapa hapa Addis Ababa, aliifundisha ruta ya kule kuyatambua mafungu yote na kupitisha habari kati yake. Aliimaliza kazi hiyo asubuhi moja. Endale alihangaika na ghala lake la Jimma wiki nzima.

Na nafasi ya kazi ilikuwa moja. Mkuu wao, mzee waliyemwita kwa heshima Gashe Worku, aliwaambia tangu siku ya kwanza huku akichokonoa meno: "Mmesoma darasa moja, mnakula sahani moja. Kiti ni kimoja. Mtajuana wenyewe." Kule Dessie, baba yake Endale alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe ameajiriwa.

Gashe Worku ndiye aliyewafundisha ile saa. Ukiigusa ruta iliyo mbali ukakosea neno moja, unaweza kujifungia nje usiingie tena. Kwa hiyo unaitegea saa kwanza. Ukijifungia, ruta itajiwasha upya na kurudi kama ilivyokuwa. Ukifanikiwa, unaifuta saa, unahifadhi kazi, ndipo unanyanyuka. Fikirte alifanikiwa, na furaha ikamnyanyua mapema.

Futa saa. Maneno mawili tu, na Endale akayameza.

"Twende tukale, dada," alisema. "Mwenye kampuni anakuja mchana kuiona kazi yako. Utasimama mbele yake na njaa?"

Kwenye mgahawa wa chini waliletewa mkate mmoja mpana wa injera, na mchuzi wa shiro ungali unatokota chunguni. Kwenye meza ya jirani Gashe Worku alikuwa anakunywa kahawa peke yake, gazeti limemfunika uso. Fikirte alikula kidogo, kisha akageuka kutazama mlango.

"Kuna kitu nimesahau, Endale."

"Umesahau kula, basi. Hebu jitazame ulivyokonda!"

Akakata injera, akaifungia shiro, akamnyooshea tonge mdomoni. Gursha, tonge la kulishwa kwa mkono, haikataliwi. Kuikataa ni kumtukana anayekulisha, na mwenye adabu hapokei moja tu akaondoka. Fikirte alipokea, akacheka mashavu yamejaa.

"Mwenzangu, unanilisha kama bibi harusi!"

"Kula, dada yangu. Una haraka ya wapi?"

Endale aliona haya, kweli aliona. Haya hiyo haikumzuia kufinyanga tonge la tatu, kubwa kuliko yote.

Mwenye kampuni, Weizero Tsehaynesh, alipofika ofisini, Fikirte alimvutia kiti mwenyewe. "Karibu, mama. Tazama mizani ya Adama." Akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Simu ikalia: Adama wanauliza nani amewakatia mtandao, malori yamesimama getini. Fikirte alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Saa," alisema. "Sikuifuta saa. Mama, nipe dakika chache tu, nairudisha yote."

"Malori yangu hayana dakika za kukupa," alijibu mama yule, akatoka.

Gashe Worku hakupaza hata sauti. "Chukua mkoba wako, binti."

Fikirte alikusanya vitu vyake machozi yakimchuruzika. Mlangoni alimshika Endale mkono. "Hongera," alisema. "Afadhali ni wewe." Hakuwa na kinyongo hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Endale.

Mzee akafunga mlango. "Uliiona ile saa."

"Saa gani, Gashe?"

"Usinichezee. Niliiona kwenye kompyuta yangu kabla hamjashuka. Nikashuka nisikie kama utamwambia."

Endale akautazama mlango uliofungwa. "Sasa... mbona wewe hukumwambia?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Na nikimwambia, nani atanilipa? Mimi natafuta msaidizi anayejua kunyamaza, nimempata. Kazi ni yako. Anza kwa kufuta neno la siri la yule binti."

Endale alilifuta.

Kesho yake mchana mzee alimwita mezani kwake kule mgahawani. Injera ilikuwa moja. Gashe Worku alikata, akafinyanga, akamnyooshea. "Fungua mdomo, mwanangu." Endale alipokea, akatafuna. Asubuhi hiyo aliigusa ruta ya Jimma. Aliitegea saa kama ilivyo desturi. Je, aliifuta? Alijaribu kuiona ile skrini kichwani, asiione.

"Gashe, niruhusu nipande juu mara moja. Nadhani kuna kitu nime—"

Tonge la pili lilikuwa limekwisha kufika mdomoni pake. Juu ya ule mkono, macho ya mzee yalikuwa yanatabasamu.

"Kula, mwanangu. Una haraka ya wapi?"

Endale akafungua mdomo.