Muhuri Uliofungwa kwa Mnyororo

Bango lilikuwa pana kuliko mlango wenyewe: AJIRA KWA WOTE, HATUMWACHI MTU. Chini yake, kwa herufi ndogo kama za mtu mwenye aibu, waliandika: Ghorofa ya tatu. Na kwenye lifti kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi mpaka ikakunjamana: Lifti ni mbovu, malalamiko yanapokelewa ghorofa ya nne.

Cheche aliyasoma yote mara mbili, akiwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, alichokiunda mwenyewe kwa mabomba ya kitanda. Alikuwa fundi wa kuchomelea kwa miaka ishirini na miwili, na jina la Cheche alilipata kwa kuunguza mashati. Nusu ya mageti ya mtaani kwao yalitoka mikononi mwake. Watu waliyasifia, wakayapiga picha, kisha wakawapeleka watoto wao kujifunza kwa fundi mwingine, yule anayesimama. Hilo lilimuuma sana, na hakumwambia mtu ila mkewe. Mkewe naye akamwambia mdogo wake, na huyo mdogo mtu mdomo wake hauna breki. Ndiye aliyeona tangazo kwamba karakana mpya ya mkoa, ya kufundisha wasio na kazi, inatafuta mkufunzi wa kuchomelea, akamjazia shemeji yake fomu bila kumuuliza, akamsukuma mpaka pale.

"Mwisho wa kupokea ni saa sita, shemeji," alisema. "Sasa hivi saa nne na nusu. Ngoja nikawaambie upo."

"Waambie nipo chini. Ukisema nipo tu, watanisubiri juu."

Alipanda, akakaa weee, akarudi anahema. Fomu haipokelewi mpaka mwombaji atie saini mbele ya muhuri. Sheria hiyo ilitungwa baada ya mtu mmoja kumwandikisha mbuzi wake, na mbuzi akapata cheti cha ususi. Muhuri nao haushuki, kwa sababu umefungwa kwa mnyororo kwenye meza ya katibu muhtasi, usiibiwe. Ufunguo wa kufuli alistaafu nao mkuu wa idara aliyepita.

Mkuu wa sasa alishuka mwenyewe. Alikuwa mtu wa suti na moyo mzuri, na watu wa aina hiyo ndio wa kuogopa.

"Pole sana, fundi. Tukubebe tu, mimi na mlinzi."

"Hapana, bosi. Nilishawahi kubebwa na watu wema. Hawakuniuliza naenda wapi. Walinitua kwenye foleni ya chanjo ya watoto wachanga, na nikachanjwa."

Shemeji alithibitisha kwamba alipewa na pipi. Mkuu akakohoa, akaifungua fomu. "Kuna swali moja hapa linanitatiza. Je, mwombaji ataweza kufundisha bila msaada? Mkufunzi inabidi asimame nyuma ya mwanafunzi, amshike mkono, amwoneshe. Sasa hapa nitaandika nini? Nikiandika hapana, mkoani hawaisomi hata fomu yenyewe."

Ukweli ni kwamba Cheche hakujua. Hakuna aliyewahi kumpa mwanafunzi, hata wa kujaribia.

"Tutaona," mkuu akasema kwa huruma, na ile huruma ilimchoma Cheche kuliko cheche zenyewe. "Kwanza saini. Kama hutaki kubebwa, basi tutashusha meza."

Na kweli walishusha meza. Ya chuma, ya zamani, na droo zake zimejaa mafaili ambayo hakuna aliyefikiria kuyatoa. Mlinzi alishika mbele, mkuu nyuma, na katibu muhtasi, mama wa makamo mwenye viatu vya kisigino kirefu, alitembea pembeni ameukumbatia muhuri kama mtoto mgonjwa. Jengo zima lilisikia. Ghorofa mbili na nusu walishuka salama. Kwenye kona ya mwisho, ngazi saba tu juu ya kichwa cha Cheche, meza ikakwama. Haikwenda mbele wala haikurudi nyuma. Mlinzi alibanwa ukutani kiasi cha kuongea kwa pua, mkuu akabaki upande wa juu na tai yake imenaswa kwenye droo.

Saa tano na nusu.

"Kateni mnyororo basi," Cheche aliita kutoka chini. "Nina msumeno wa chuma hapa."

"Mnyororo una namba ya mali ya serikali," alijibu katibu muhtasi. "Kuukata ni mpaka kibali cha mkoa."

"Na meza?"

Katibu muhtasi aliinama, akachungulia uvunguni. "Namba ya meza ilibanduka siku nyingi."

Shemeji alipandisha msumeno mbio. Mkuu aliupokea juu ya meza, akauweka kwenye mguu wa meza, akaanza kusugua kama anayefuta ubao. Chuma kililia, rangi ikakwaruzika, basi.

"Bosi, umeukandamiza," alisema Cheche. "Legeza. Sukuma mbele kwa nguvu, ukirudi nyuma usibonyeze. Mama, wewe shika mguu chini usitetemeke. Si kwa vidole, kwa kiganja. Mlinzi, pumua."

"Hivi?"

"Hivyo unakata hewa. Usikilize mlio. Ukipiga kelele umekosea, ukinong'ona umepatia. Tena. Polepole. Sawasawa, bosi, hapo hapo."

Mlio ukabadilika. Unga wa chuma ulianza kumwagika kwenye viatu vya mama. Mkuu akakazana, ulimi umetoka pembeni, na alipochoka Cheche aliujua uchovu wake kwa sauti tu, akamwamuru ampe mama zamu. Mama alivua viatu, akakata vizuri kuliko bosi wake, na kila mtu akaona. Saa sita kasoro dakika nane mguu ulidondoka, ukabiringika ngazi zote saba, ukasimama kwenye gurudumu la Cheche.

Meza ilishuka ikichechemea. Cheche akatia saini. Katibu muhtasi akagonga muhuri kwa mkono mweusi wa vumbi la chuma, kwa nguvu za mtu aliyegundua kitu kuhusu mikono yake.

Mkuu alichukua kalamu, akatazama malengelenge yake mawili mapya. "Tangu nizaliwe sijawahi kukata kitu kikakatika," alisema. Kisha kwenye lile swali akaandika ndiyo, akaipigia mstari, na Cheche akageuza uso kidogo maana machozi yalikuwa karibu na shemeji yake alikuwa anamwangalia.

Kila mtu alikuwa ameanza kuondoka mkuu aliporudi, akainama sikioni kwa Cheche.

"Mkoani wakikupitisha, darasa la kwanza ni Jumatatu. Kuna nafasi?"

"Nafasi ni za wasio na kazi, bosi."

Mkuu aliitazama ile meza ya miguu mitatu. "Mkoani wakishaiona hii, nitakuwa nimetimiza vigezo."

"Basi uje saa mbili kamili," alisema mwalimu. "Na viatu vya kufunika vidole."