Maelezo ya Zana ya Saba

"Mama, haya ni maelezo au risala?" mkuu wa ghala aliuliza, akiinama nyuma ya kiti cha mtunza ghala kusoma kioo cha kompyuta. "Zana sita za kwanza umeziandikia mstari mmoja mmoja. Hii ya saba imekufanya nini?"

"Hii ina mambo," alijibu mtunza ghala bila kugeuka.

Alikuwa ametunza ghala la chanjo kwa miaka ishirini na miwili, na wiki hiyo alikuwa amepewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kumwandikia Mgeni. Ndivyo walivyoiita programu ya akili bandia iliyokuwa ianze kusimamia majokofu Jumatatu. Jina lilimkaa sawasawa. Mgeni hakujua mlango upi hukwama wala jokofu lipi hudeka mchana. Alijua kilichoandikwa tu. Kwa hiyo kila zana ya kompyuta ilihitaji maelezo: inafanya nini, inajibu nini, na wapi inaweza kukuponza. Wenzake waliona ni kazi ya kukaa na kunywa chai. Yeye aliipenda. Alijiona mtu wa kusema mambo yalivyo, maskini.

Zana ya saba iliitwa Hamisha. Unaiambia makasha yatoke jokofu hili yaende lile, nayo inajibu papo hapo: Imekamilika. Kumbe haijahamisha hata kasha moja. Imebadilisha orodha na kumtumia mchukuzi ujumbe, basi. Makasha yanakaa palepale mpaka mchukuzi amalize soga zake. Wakongwe wote walilijua hilo, na kwa kuwa walilijua, hakuna aliyewahi kuliandika.

Yeye alijifunza kwa njia mbaya. Ijumaa moja, miaka sita iliyopita, aliona Imekamilika, akazima jokofu la pili ili liyeyuke barafu, akaenda zake nyumbani. Jumatatu alikuta chanjo za watoto zote humo ndani, zina joto la maji ya kuoga. Aliingiwa na hofu, akawasha jokofu, akanyamaza. Kamati ya uchunguzi ikaamua kwamba ziliharibikia garini, juani. Dereva aliyezileta akanyang'anywa gari na kuwekwa getini kuwa mlinzi. Wenye utani walimbandika jina la Bwana Usukani, na kila asubuhi alimfungulia mtunza ghala geti kwa tabasamu: "Karibu, dada. Umeamkaje?" Lile swali lilimchoma kuliko tusi.

Angeweza kuandika "hakikisha kabla ya kuendelea" akatoka salama. Jana alifanya hivyo hivyo. Katika jaribio Mgeni alihakikisha vizuri sana, kwa kusoma ile ile orodha ambayo Hamisha ilikuwa imeibadilisha, kisha akazima jokofu lililojaa. Makasha ya jaribio yalikuwa matupu, lakini mama huyu alifuta mstari wake palepale.

Leo aliandika:

"Imekamilika maana yake ni kwamba orodha imebadilika. Makasha bado hayajaguswa. Usizime jokofu mpaka mchukuzi aseme ameyabeba na ameyahesabu. Mfano: mtunza ghala aliwahi kutegemea jibu hili, akazima jokofu la pili. Chanjo zote ziliharibikia humo. Dereva hakuhusika."

Mkuu wa ghala alisoma, akarudia. "Huu mfano umeutoa wapi?"

"Kwangu."

Mkuu alivuta kiti akakaa. Alikuwa na umri wa mwana wa kwanza wa mama huyu, na wakati huo alionekana mdogo zaidi. "Mama, umebakiza miaka miwili ustaafu. Tufute hapo mwisho tu. Mgeni hahitaji kujua ya dereva."

"Yeye hahitaji."

"Kamati itasoma."

"Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa kubwa, wazee wale hawaoni," alisema, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Waliendesha jaribio kwenye kioo kikubwa cha chumba cha kupakia. Hamisha ikajibu Imekamilika. Mgeni hakuzima kitu. Akaandika, mbele ya wapakiaji wote: "Sijazima jokofu la pili. Namsubiri mchukuzi ahesabu, kwa sababu mtunza ghala aliwahi kutegemea jibu hili na chanjo zikaharibika. Dereva hakuhusika."

Mpakiaji mmoja alicheka, akidhani ni utani. Kisha akamtazama mama usoni, akaacha.

Mama alichapa ukurasa ule, akatoka nao juani. Pale getini mlinzi alisimama haraka. "Dada, mbona mapema? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekuletea kitu usome, kaka. Ningekuletea zamani."

"Haya, ngoja nitafute miwani." Akamsogezea kiti cha plastiki. Mama hakukaa.

Mlinzi alianzia juu kabisa, kidole chini ya kila neno, midomo ikitembea. "Zana ya saba," alisoma. "Hamisha." Nje ya geti gari lilipiga honi. Aliinua mkono kuliambia lisubiri, kidole chake kikashuka mstari wa pili.