Kadi ya Mwenye Ghala

Mjukuu wangu Hanifa alipanga mchezo wake juu ya meza yangu, kwenye kitambaa kile cha maua, akaniambia nisicheke.

"Nicheke nini?" nikamwuliza. "Baba yako aliwahi kunitengenezea kiti cha miguu mitatu, nikakikalia. Sikucheka."

"Ulianguka, Bibi?"

"Nilianguka. Endelea."

Mezani palikuwa na bahasha ya kaki iliyobandikwa kwa gundi, kifuko cha gunia kilichoshonwa mdomo, picha ya ghala aliyoichora mwenyewe, na kopo la majani ya chai lililofungwa kwa kufuli dogo la namba, kama lile la mabegi ya safari. Ndani ya kopo kulikuwa na ufunguo. Hadithi yake ni kwamba mmeingia kwenye ghala la mbaazi kule Singe, mlinzi hakuwaona, akafunga mlango kwa nje akaenda zake. Mnatakiwa mpate namba za kufuli kabla simu aliyoitega haijalia, na namba zenyewe zimefichwa humo humo mezani. Hakuna anayeshindana na mwenzake. Mnatoka wote, au mnalala ghalani wote.

Sehemu hiyo ya mwisho niliipenda sana.

Mambo haya aliyajua alipokuwa mapokezi kwenye lodge moja ya njia ya Arusha. Wageni waliokuwa wakienda mbugani walikaa jioni moja na boksi la mchezo wa namna hiyo, wakamweleza kwamba kwenye miji mikubwa kuna vyumba ambavyo mtu anaingia kwa hiari yake, anafungiwa, kisha anatafuta njia ya kutoka kwa akili. Asiyeweza kwenda huko ananunua boksi, anajifungia nyumbani kwake mezani. Nilimwuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Lakini nilipomwona anavyochora lile paa la ghala, bati kwa bati, nikajua mtoto amepata kazi yake.

Sasa kazi ile ilimtegemea mtu mmoja, Evangelina, mwenye mgahawa kule Bagara. Alikuwa amemwahidi Hanifa kwamba Jumapili ataketi na watu wake waucheze. Wakiufurahia, atampa baraza la pembeni kila mwisho wa wiki aweke meza za michezo. Wasipoufurahia, basi. Na Hanifa alikuwa ameshakubaliana na baba yake, mwanangu Mudy, kwamba kama baraza halikupatikana ataenda Dodoma kwenye saluni ya shangazi yake. Hanifa hana ugomvi na saluni, ila akisuka anasinzia.

"Tuujaribu kwanza hapa," nikamwambia. "Mboga huonjwa kabla ya kupakuliwa."

Kesho yake nikawaalika majirani zangu, Otilia na mumewe Tadeo. Ni watu wa Bukoba, mafundi cherehani, na tangu mzee wangu afariki, Tadeo hapiti getini kwangu bila kuuliza kama bomba linatoa maji. Walikuja wamevaa vizuri. Hanifa akawasomea hadithi ya ghala, akawasha saa ya simu, akasema, "Mchezo umeanza," kisha akaenda kusimama mlango wa jikoni ili asiwasumbue.

Tadeo akakunja mikono. Otilia akaitazama picha akasema mchoro ni mzuri, hasa paa. Tadeo akasema kweli, paa limekaa. Mimi nikasema Hanifa alichora tangu akiwa mdogo. Tukaitazama bahasha. Tukalitazama kopo. Otilia akanyoosha kidole, akakirudisha. Tadeo akauliza kama mvua imefika Bonga, nikamwambia nasikia imefika kidogo. Tukanyamaza tena, kwa heshima zote, mpaka simu ikalia.

"Hongera sana, binti," Tadeo akasema akinyanyuka, na kiti akakiinua badala ya kukiburuta, maana anajua sakafu yangu. "Mchezo mzuri. Umetulia."

Hanifa aliwashukuru, akawasindikiza mpaka getini. Aliporudi alianza kurudisha vitu kwenye boksi kimoja kimoja.

"Bibi, kule lodge walikuwa wanapokonyana! Baba mtu mzima alipanda juu ya kiti. Kwangu mimi watu wamekaa kama wako msibani."

"Wameusifu."

"Wamesifu paa! Nampigia shangazi."

"Shangazi yako hahami Dodoma leo. Kula kwanza."

Alikula kidogo sana. Mimi sikubishana naye. Nilikuwa nimewatazama wageni wangu, na nilijua hawakuchoshwa. Mtu aliyechoshwa hanyooshi kidole akakirudisha.

Asubuhi Otilia akaja na kichane cha ndizi, uso umemshuka.

"Mama Mudy, Hanifa ametukasirikia?"

"Amekata tamaa tu."

"Jamani! Na mimi nilivyotamani kujua kuna nini kwenye ile bahasha. Nimeiwaza mpaka kwenye cherehani."

"Sasa mbona hukuifungua?"

Otilia akanitazama kama nimemtukana. "Niifungue? Bahasha ya mtu, imebandikwa gundi, mezani kwake, mwenyewe amesimama mlangoni ananitazama? Mama Mudy, mimi nina kwetu. Nimelelewa."

Hata mimi, kwenye meza yangu mwenyewe, mikono yangu ilikuwa mapajani. Vitu vilikuwa vya Hanifa. Hakuna aliyeniambia karibu.

Hanifa akatokea ndani na mswaki mdomoni. "Kwa hiyo mchezo hauna tatizo?"

"Tatizo ni wazazi wetu," Otilia akamjibu. "Walitufundisha tusishike vya watu."

Hanifa akacheka mpaka povu likamwagika. Lakini kucheka hakukumpa dawa. Kwanza aliandika neno FUNGUA juu ya bahasha, CHANA juu ya kifuko, GEUZA nyuma ya picha. Otilia akaujaribu, akasema haoni raha ya kutii bahasha. Mimi nikasema imekuwa kama maelekezo ya dawa ya kikohozi. Hanifa akabandua maneno yote, akaenda kukaa kizingitini, na siku nzima ikapita akitafuna kalamu. Nilimpelekea chai, nikaiweka pembeni yake, nikaondoka bila kusema. Kuna wakati msaada ni kutouliza.

Jioni akaniletea kadi moja nene. Nikavaa miwani nikasoma polepole:

"Wewe ndiye mwenye ghala. Vyote vilivyo mezani ni vyako: fungua, chana, mwaga, geuza. Ukikwama, mkabidhi mwenzako kadi hii umwambie: Karibu, sasa ni vyako."

"Hapo," nikamwambia.

Jumamosi tukawaita tena majirani. Otilia alipopewa kadi aliichana bahasha kwa meno. Tadeo akakifumua kifuko, akamwaga mbaazi zake mpaka chini ya kochi. Walitoka ghalani wakipigiana kelele, na Tadeo akarudi kupiga magoti aziokote zote, akikataa kusaidiwa.

Jumapili baada ya ibada Evangelina akaketi mgahawani na watu wake: mama yake mzazi, kaka yake Valence wa benki, na Clara, mke wa Valence, aliyeolewa majuzi tu, baada ya Pasaka. Hanifa akamwamkia mama, akasoma hadithi, akaweka kadi mezani, akaja kukaa na mimi meza ya jirani. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama soda yangu.

"Haya, kaka," Evangelina akasema, "wewe ndiye mkubwa. Shika ghala lako."

Valence alianza vizuri. Akafungua bahasha, akafumua kifuko, akahesabu mbaazi nyekundu katikati ya nyeupe, akapata namba ya kwanza. Ya pili akaipata kwenye madirisha ya picha. Mama akapiga makofi. Ikabaki namba ya mwisho, na hapo Valence akakwama. Zilibaki kadi tatu ndogo zilizotoka kwenye bahasha: mzani, gunia, mlango. Nyuma zilikuwa na michirizi ambayo yeye aliiona ni mapambo tu. Akazishika mkononi kama mtu anayecheza karata, akazikodolea macho. Mama yake akachungulia bega la kulia, dada yake la kushoto.

Clara alikuwa peke yake upande wa pili, mikono mapajani, kama mkwe mpya anavyokaa. Nikamwona anatazama migongo ya zile kadi. Akamtazama mumewe. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Yule binti ameiona," nikamnong'oneza Hanifa. "Nenda ukawaambie wampe kadi."

"Hapana, Bibi."

"Muda unakwisha."

"Nauona. Lakini nikienda, Evangelina atajua mchezo hausimami bila mimi kuushikilia. Kwenye baraza nitakuwa na meza nyingi. Nitanong'ona kwenye ngapi?" Akaubana mkono wangu. "Kadi imeandikwa. Wataisoma."

Nilimwona mkubwa kuliko nilivyomzoea.

"Kaka, umekwama," Evangelina akasema.

"Subiri, naipata."

"Unaipata tangu tulipoagiza chipsi. Kadi inasemaje? Ukikwama?"

"Sijakwama. Nafikiri."

"Hivyo ndivyo mnavyowaambia watu kule benki!"

Meza ikacheka, isipokuwa Valence. Akazidi kuzibana zile kadi. Ndipo mama yake akaichukua ile kadi nene, akaisogeza mbali na macho, akaisoma kwa sauti mpaka mwisho. Akamgeukia mwanawe.

"Valence. Mwenye nyumba gani huyu, asiyejua kukaribisha?"

Halikuwa neno kali, lakini lilimpata. Akawatazama mama na dada, wote waliokuwa wameona kila alichokiona yeye. Akainua macho upande wa pili wa meza, na nadhani ndipo alipokumbuka kwamba wako wanne. Akachukua kadi akaipeleka kwa mikono miwili.

"Karibu, Clara. Sasa ni vyako."

Clara hakuipokea. Alimtazama mama mkwe wake.

"Pokea, mwanangu," mama akasema.

Akapokea. Akasimama, akazunguka meza, akaushika mkono wa mumewe pamoja na zile kadi zilivyopangwa, akaugeuza ili migongo ya kadi iwatazame wao. Michirizi ilikuwa imeungana. Ilikuwa saba kubwa, nene, imelala kidogo.

"Saba!" Evangelina akapiga kelele, na watu wa meza nyingine wakageuka. Clara akazungusha namba za kufuli, nalo likaachia. Mama akapiga vigelegele. Ufunguo ulipotoka kwenye kopo, simu ilikuwa bado haijalia.

"Uliiona saa ngapi, wifi?" Evangelina akauliza.

"Tangu alipozishika hivyo."

"Na ukanyamaza! Tungelala ghalani!"

"Vitu havikuwa vyangu, wifi," Clara akasema taratibu.

Mama akavuta kiti kilichokuwa kati yake na Valence. "Kaa hapa," akamwambia. "Na ukiona kitu nyumbani kwangu, sema hata kama hujapewa kadi."

Evangelina akanyanyuka bila neno, akaenda pembeni. Hanifa akaninong'oneza, "Hajasema kitu, Bibi. Hajasema kitu." Nikaendelea kunywa soda yangu. Mtu asiyependa mchezo hapigi kelele ya saba namna ile.

Tukasikia chupa zinagongana. Evangelina alikuwa barazani anaburuta makreti matupu ya soda kuyatoa nje.

"Valence! Vua koti uje. Hanifa, zinaingia meza ngapi hapa?"

"Tatu, dada," Hanifa akajibu akikimbia. "Nne tukibana."

"Tutabana. Unaanza Jumapili ijayo. Ila ghala nimeshatoka, siwezi kufungiwa tena mle. Ijayo unatufungia wapi?"

Mimi nilijua hana mchezo wa pili, hata wa kuwaza. Hanifa hakupepesa jicho.

"Ukweni," akasema.

Clara ndiye aliyecheka wa kwanza, akaishikilia meza. Valence akapita na makreti mawili, shati lake lililopigwa pasi limeshika vumbi, naye anacheka. Hanifa akarudi na karatasi, akaketi, na Clara akasogeza kiti kwake.

"Mlango wa ukweni usiuwekee kufuli," Clara akamwambia kwa sauti ya chini. "Weka tu mama mmoja amekaa hapo."

"Nimesikia!" mama mkwe wake akasema.

Hanifa alikuwa ameshaanza kumchora.