Mkondo B Siyo Adhabu

Mikondo niliileta mimi, asisingiziwe mtu mwingine. Nilisimama kwenye kikao cha wazazi nikawaambia: Darasa la Saba wako themanini, wanaojua wamekaa pamoja na wasiojua, na anayechelewa anamchelewesha mwenzake. Tuwape jaribio. Arobaini wa juu waende Mkondo A, wakae kambini, walale shuleni, kujiandaa na mtihani wa Septemba. Waliobaki waende B. Mama mmoja akauliza, je, huko B si kuwatupa? Nikamjibu, tena kwa ukali, "Mama, B siyo adhabu." Watu wakapiga makofi.

Jaribio tukaliweka wiki ya pili ya Mei. Ujinga wetu ulianzia hapo, na sote ni watu wa bonde hili, tumekulia kwenye mpunga. Mei mpunga unaiva, kwelea kwelea wanashuka, na robo ya watoto wako shambani juu ya madungu, vile vichanja vya walinzi, wanaamia ndege wasile mpunga. Asiyekuwepo akaandikiwa sifuri, na sifuri ikampeleka B. Ratiba niliipanga mimi.

Binti yangu Rosemery alikuwa wa arobaini. Wa mwisho kabisa, lakini A ni A. Nilimchinjia kuku.

Julai nikaingia B kumshikia kipindi mwalimu aliyekuwa anaumwa. Nikaandika ubaoni swali la matangi mawili ya maji, lile lililowatoa jasho watoto wa A siku mbili nzima. Akanyoosha mkono msichana mrefu wa dawati la nyuma, Sikitu, binti wa Masanja, Msukuma wa Michenga. Akaja, akalimaliza kwa mistari minne, akajifuta chaki kwenye sketi. Nikampa jingine. Nikampa la tatu, gumu makusudi, maana nilishaanza kuudhika. Nalo akalimaliza.

"Wewe huku unafanya nini?"

"Nilipata sifuri, mwalimu."

"Siku ya jaribio ulikuwa wapi?"

"Shamba, mwalimu. Nilikuwa naamia ndege."

"Mnaacha jaribio kwa ajili ya ndege? Shamba lenyewe la nani?"

Akatazama chini. Wenzake wakatazamana, kumbe wote wanajua.

"Lako, mwalimu."

Mungu wangu! Ni kweli. Ekari zangu mbili za Michenga nilimkabidhi Masanja azilinde, kwa sababu mwanangu alikuwa na jaribio. Sikuuliza nani atapanda dungu. Mwaka huu ndege hawakunilia hata debe moja.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Fulgensi, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anachokonoa meno.

"Vitanda vya kambi ni arobaini," akasema. "Akiingia mmoja, anatoka wa mwisho. Kanuni yako hiyo, Mwalimu Oliva."

"Wa mwisho ni Rosemery."

"Najua. Mkuki kwa nguruwe mtamu, eeh?" Akacheka. "Na wale wengine kumi na wanane waliokuwa madunguni?"

Nikamwambia hao hawakuwa shambani kwangu. Lilikuwa jibu bovu, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Nilimchukia mzee yule dakika nzima. Nikatafuta maneno ya kusema kwamba Sikitu ana akili, atafaulu hata akibaki B, wakati wangu asipokaa kambi hafiki popote. Maneno yalikuwepo, tena mazuri. Akasukuma orodha mbele yangu na kalamu juu yake. Nikakata jina la mwanangu kwa mkono wangu, nikaandika Sikitu Masanja. Iliniuma, sisemi uongo.

Jioni nikamkuta Rosemery uani anachambua mchele, mchele wa shamba lile lile. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia kwamba Jumatatu anahamia B na kambini hataenda.

Mikono ikasimama juu ya ungo.

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa kitu."

"Sasa mbona napelekwa B?"

"B siyo adhabu, mwanangu."

Akaniangalia usoni.

"Basi mbona unalia?"